Kuruka Kichwa Chini na Kujinasua Kwenye Stoli: Mwongozo kwa Marubani wa Simuleta za Ndege za Kivita

Wengi wanaoanza simuleta za ndege za kivita hapa Dar es Salaam hujifunza kwanza kulenga na kufyatua, na ndege inapowaponyoka katikati ya pambano hudhani kwamba kosa lilikuwa kasi ndogo. Kasi ni sehemu tu ya maelezo. Bawa huacha kuibeba ndege pale pembe kati yake na hewa inayolijia inapozidi kiwango fulani, ambacho kwa ndege nyingi za Vita Kuu ya Pili ya Dunia ni takriban nyuzi 15 hadi 18, na kiwango hicho kinaweza kuvukwa kwa kasi yoyote, pua ikielekea popote, ndege ikiwa imekaa sawa au imepinduka. Hiyo ndiyo stoli, na mazoezi yote yaliyomo humu yanaisimamia kanuni hiyo moja.

Tayarisha vifaa kwanza. Kibodi haifai kwa kazi hii, kwa sababu kila kitufe husukuma usukani hadi mwisho wake, ilhali stoli inataka mkono unaosogea kidogo kidogo. Jostiki ya kawaida yenye mpini unaozunguka inatosha kwa asiye na pedali. Zima misaada yote ya kompyuta. Kwenye mchezo wa War Thunder, anayerusha kwa kipanya huwa na mwalimu wa kompyuta anayemzuia asivuke pembe ya hatari, hivyo hatajifunza lolote hadi ahamie kwenye jostiki na udhibiti kamili. Kwenye simuleta ya FlightGear, zima uratibu wa pamoja wa eleroni (vibawa vidogo vya nyuma ya bawa vinavyoilaza ndege upande) na usukani wa mkia. Ikiwa kompyuta ni dhaifu, punguza ubora wa picha bila kusita: picha inayokwama huchelewesha mkono, na mkono uliochelewa ndio unaoizamisha ndege kwenye spini, yaani kuanguka huku ikizunguka.

FlightGear ni ya bure na ina ramani ya dunia nzima, kwa hiyo unaweza kuanzia uwanja wa Julius Nyerere, ambao msimbo wake ni HTDA, ukapanda juu ya bahari na kuifanya pwani ya kutoka Kunduchi hadi Bagamoyo kuwa mstari wako wa kujipimia. Napendekeza pwani badala ya bahari tupu, kwa kuwa ukiwa umepinduka unahitaji kitu chenye umbo la kukuonyesha ulikoelekea. Kwenye simuleta ya DCS World, ndege ya bure ya TF-51D, ambayo ni aina ya P-51D Mustang ya Marekani, inafaa sana, ingawa itakubidi uirushe kwenye ramani nyingine. Kokote uliko, usianze chini ya futi 10,000.

Zoezi la kwanza ni stoli ya kawaida. Punguza nguvu ya injini, shikilia kimo kwa kuvuta jostiki taratibu, na uandike kasi ambayo ndege inaanza kutetemeka na ile ambayo pua au bawa linadondoka. Kisha rudia ukiwa kwenye mzunguko. Kasi ya stoli hupanda kwa kipeuo cha pili cha mzigo wa g, yaani mara ngapi ya uzito wake bawa linabeba: tuseme ndege yako inastoli kwa kilomita 160 kwa saa ikiruka sawa; ukilalia nyuzi 60 bila kupoteza kimo unabeba g 2, na stoli itakuja kwenye kilomita 226 hivi; ukivuta g 4, itakuja kwenye 320. Hapo ndipo wengi wanapopotelea, kwa sababu wanavuta zaidi wakati ndege inawaomba walegeze.

Kila ndege hutoa onyo lake. Spitfire ya Uingereza ina bawa lililosokotwa kidogo, hivyo upande wa karibu na kiwiliwili hustoli kabla ya ncha, na rubani husikia mtetemo mapema. Bf 109 ya Ujerumani ina vibawa vya mbele vinavyojifungua vyenyewe pembe inapokuwa kubwa. Fw 190, nayo ya Ujerumani, ni kali: Eric Brown, rubani wa majaribio wa Uingereza, alieleza kwamba stoli yake ilikuja ghafla, karibu bila onyo, na bawa la kushoto likadondoka kwa nguvu kiasi cha kukaribia kuipindua ndege. Ikiwa Fw 190 ya simuleta yako inastoli kwa upole, una sababu ya kuitilia shaka.

Sasa pinduka. Inua pua nyuzi kama 10 juu ya upeo wa macho, ilaze ndege kwa eleroni hadi iwe kichwa chini, kisha sukuma jostiki mbele na uishikilie hapo. Kwenye skrini ardhi iko juu na anga liko chini, kwa hiyo alama ya shabaha lazima ibaki upande wa anga, tena mbali na upeo wa macho kuliko unavyotarajia, kwa kuwa bawa lililojipinda kwa ajili ya kuruka sawa hufanya kazi vibaya likigeuzwa na huhitaji pembe kubwa zaidi. Kwa sababu hiyohiyo, stoli ya kichwa chini huja kwa kasi kubwa kuliko ile ya kawaida.

Angalia injini pia. Fundi yeyote wa pikipiki wa Kariakoo anajua kwamba kabureta yenye boya hutaka kukaa wima, na injini ya Merlin ya Spitfire za mwanzo ilikuwa na kabureta ya aina hiyo: rubani aliposukuma pua chini ghafla, injini ilikatika, huku Bf 109E, ambayo mafuta yake yalipulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, ikiendelea na safari. Mhandisi Beatrice Shilling wa kituo cha utafiti wa ndege cha Farnborough, Uingereza, alipunguza tatizo mwaka 1941 kwa kifaa kidogo cha kuzuia mafuta yasifurike. Kitabu cha rubani cha P-51D nacho kiliweka kikomo cha sekunde 10 kichwa chini, kwa sababu shinikizo la oili hupotea. Tazama sindano ya oili. Ikianza kushuka, geuza ndege ikae sawa mara moja.

Stoli ya kichwa chini hutokana na kusukuma mno, kwa hiyo dawa yake ni kulegeza msukumo huo, yaani kurudisha jostiki nyuma kidogo. Usiendelee kuvuta. Ukiwa chini na ukavuta hadi mwisho, pua itapita ardhini nusu duara nzima na kimo hakitatosha. Legeza, subiri kasi irudi, kisha laza ndege kwa njia fupi hadi ikae sawa.

Ikiingia kwenye spini ya kichwa chini, macho hudanganya, kwa kuwa ndege hulala upande mmoja huku pua ikizungukia upande mwingine. Amini mshale wa kugeuka ulio kwenye dashibodi, unaoonyesha pua inazungukia wapi, na usiangalie kile kipira kilicho chini yake. Ondoa nguvu ya injini, weka eleroni katikati, kanyaga usukani wa mkia kinyume na mshale, kisha rudisha jostiki hadi katikati na nyuma kidogo. Kwenye spini ya kawaida hatua ni hizohizo, ila mwisho jostiki husukumwa mbele.

F-16, ndege ya jeti ya Marekani, ina njia yake. Kompyuta huizuia isivuke nyuzi 25 hivi, lakini ukipanda wima hadi kasi iishe inaweza kukwama karibu na nyuzi 60, ikiwa sawa au kichwa chini, na usukani wa kawaida hautoshi kuitoa. Simuleta ya Falcon BMS imeliiga jambo hili vizuri. Shikilia swichi ya MPO, inayoondoa kizuizi cha kompyuta kwenye pua, vuta pua ipande, na inapoanza kushuka yenyewe sukuma hadi mwisho, ukifuata mdundo wake hadi ishuke kabisa.

Kabla ya kuipeleka ndege yoyote kwenye pambano, linganisha kasi zako mbili za stoli, ya kawaida na ya kichwa chini. Zikiwa sawa kabisa kwenye ndege yenye bawa lililojipinda, aliyeitengeneza hakuingiza takwimu za upande huo, na mbinu zako za kichwa chini kwenye ndege hiyo usizihamishie kwenye nyingine.