Kwenda Lushoto kuona mandhari, usije ukarudi na picha za ukungu

Mara yangu ya kwanza Irente, ule mwamba wa kuangalia mandhari nje ya mji wa Lushoto kwenye milima ya Usambara, nilifika saa tano asubuhi, nimetoka Tanga alfajiri na basi, pale mjini Lushoto nikachukua bodaboda moja kwa moja mpaka kwenye mwamba, nikasimama, nikaona nyeupe. Basi. Nyeupe tupu kama mtu kakutandikia shuka mbele ya uso, na mimi nikapiga picha hivohivo kama kumi na tano hivi. Akapita mama mmoja na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, akaniangalia akacheka, "We mwanangu subiri, patafunguka." Sikusubiri, nilikuwa na gari ya kurudi saa saba. Nikaja kusikia baadae kwamba saa tisa siku ileile palikuwa wazi mpaka unaona magari kule chini barabara kuu.

Kwahiyo la kwanza kabla ya yote, lala. Lushoto ya kwenda na kurudi siku moja unalipia nauli tu, maana ile milima haina habari na ratiba yako. Lala usiku mbili, ukiweza tatu. Gesti za kawaida zimejaa mjini pale, huna haja ya hoteli kubwa kama bajeti haipo.

Kufika sio kazi. Ukitoka Dar kuna mabasi yanaenda mpaka Lushoto kabisa, masaa sita saba hivi, na kama unatokea Moshi au Arusha panda basi lolote la Dar au Tanga mwambie konda akushushe Mombo. Pale Mombo kuna gari ndogo na koasta zinapanda juu, ni kama kilomita 33 za lami. Kaa dirishani. Mombo iko chini kwenye joto, kama mita 400 hivi toka usawa wa bahari, na Lushoto iko karibu 1,400, yani unapanda kilomita nzima kwenda juu ndani ya saa moja, na kila kilomita moja ukipanda joto linapungua digrii kama sita. Sasa utamwona mtu kavaa kaptula na singilendi Mombo anapepea gazeti, wakifika Soni anaanza kujikunyata, Lushoto anaulizia sweta la mtumba. Usiwe huyo mtu. Sweta liwe kwenye begi la mkononi, sio lile lililofungwa juu ya keria. Juni mpaka Agosti usiku ni baridi ya kweli, blanketi mbili na bado unatafuta soksi. Wajerumani walipapenda hivohivo, wakapaita Wilhelmstal.

Kuhusu majira. Machi mpaka Mei ni masika, kijani ni tamu lakini njia za udongo mwekundu zinakuwa sabuni na ukungu unaweza kukaa siku nzima. Kuanzia Juni mpaka Septemba pakavu, watu wengi wanaenda kipindi hicho, ila ujue bondeni kunakuwa na vumbi na moshi wa mashamba kwahiyo unaona mbali lakini kwa uhafifu. Mimi kwa maoni yangu siku nzuri kuliko zote ni ile iliyofuata mvua, ikinyesha usiku ikakata, hewa inakuwa imeoshwa. Mvua za vuli zinazo siku za namna hiyo. Ukungu wenyewe ni hewa ya unyevu inatoka huko Bahari ya Hindi, ikigonga milima inapanda inapoa inageuka wingu, na wewe uko ndani ya wingu, ndo maana asubuhi unakuwa mzito na jua likikolea unanyanyuka.

Haya sasa Irente. Ni kilomita tano sita toka mjini, unaweza kupanda boda lakini nakushauri nenda kwa mguu, unapita Yoghoi, mashamba ya mahindi na maharage yamening'inia kwenye kilima mpaka unajiuliza wanalimaje bila kuporomoka, watoto wanakusalimia. Toka mjini saa tisa mchana, pitia kwanza Irente Farm ya kanisa la Kilutheri, pale wanauza chizi na mkate na jemu wanazotengeneza wenyewe, nunua mkate na chizi ndo chakula cha njiani, afu ukingoni ufike saa kumi na nusu hivi ukae mpaka jua lizame. Panaangalia magharibi ndo maana jioni ndo saa yake. Unaona Mazinde chini kabisa, karibu kilomita moja chini yako, mashamba ya mkonge yamepangwa mistari kama daftari, barabara ya Moshi uzi mwembamba, na ng'ambo yake nyika ya Wamasai inaenda mpaka macho yanachoka. Kitu ambacho picha haikupi ni sauti. Kaa kimya dakika tano, utasikia jogoo anawika kule chini, au honi ya lori, inapanda na upepo imechelewachelewa, lori lenyewe unaliona kama punje ya mchele.

Mwamba wenyewe unateleza ukiwa na unyevu na sehemu nyingi hamna kizuizi chochote. Selfi ya kurudi nyuma kinyumenyume achana nayo kabisa. Mtoto mshike mkono. Na tochi beba, ile ya simu inakula chaji, maana ukitoka pale jua limezama saa kumi na mbili na nusu kurudi kwa mguu ni giza, au panga na boda akufate, muelewane bei kabla hajaondoka na sio mkishafika.

Siku ya pili kama unapenda msitu nenda Magamba. Huu ni msitu wa hifadhi wa serikali chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, kwahiyo kuna kiingilio, Mtanzania bei yake tofauti na mgeni, beba kitambulisho. Chukua muongozaji, sio kwa ajili ya kupotea tu, macho yako hayatamwona kinyonga. Mimi nilionyeshwa mmoja wa pembe mbili yuko sentimita ishirini toka puani kwangu, ananizungushia jicho moja, na bado nikawa nauliza "yuko wapi?" Mbega utawasikia kwanza matawi yanavyoruka, afu ndo uangalie juu. Ukikutana na vimaua vya zambarau vimejishika kwenye mwamba wenye kivuli usichume. Milima hii ya Usambara ndo asili ya yale maua ya vyungu ya madirishani Ulaya, mbegu zilipelekwa Ujerumani kutoka huku mwaka 1892 hivi na mkuu wa wilaya wa Kijerumani, Saint Paul, na jina la kitaalamu wakalichukua kwake, Saintpaulia, utadhani kabla hajafika yeye hayakuwepo.

Halafu Mtae. Hapa ndo watu wengi wanakata tamaa kwasababu ni mbali, zaidi ya kilomita 60 toka Lushoto, unapita Magamba, Malindi, Lukozi huko kwenye kabichi na karoti, mafuso yanapakia barabarani mnasubiriana. Mabasi mengi yanapanda mchana yanashuka usiku wa manane kuamkia alfajiri, kwahiyo ukipanda basi ujue unalala huko. Na ulale kweli. Kijiji kimekaa juu ya mgongo wa mlima, kuna mahali unasimama kushoto bonde kulia bonde. Irente ni ya jioni, Mtae mimi nasema ni ya alfajiri, amka saa kumi na moja na nusu, jifunge kitenge au blanketi utoke nje. Chini unaona nyika ya Mkomazi, milima ya Upare ile kule, na siku ikiwa safi kabisa Kilimanjaro inatokea, ndogo, rangi ya waridi kwa dakika chache afu inapotea kwenye mwanga. Nimelala Mtae mara tatu nimeiona mara moja.

Njiani salimia watu, usipite na simu mbele ya uso. Kisambaa kidogo kinafungua milango, asubuhi "onga maundo", mchana "onga mshi", wakikusalimia wao unajibu "niwedi", na kushukuru ni "hongea". Wazee watacheka matamshi yako halafu watakuelekeza njia ya mkato. Na mtu yuko shambani kwake usimpige picha kabla hujaomba, hata kama mtaro wa maharage umekaa vizuri na mwanga ndo huo unaondoka. Hela ndogondogo beba, kule juu ukitoa noti ya elfu kumi kwa kikombe cha chai mnaanza kuzunguka kijiji kizima kutafuta chenji.

Kushuka, kama una gari lako, weka gia ndogo toka Lushoto mpaka Mombo, usikanyage breki njia nzima, kona ni nyingi na ukianza kusikia harufu kama ya mpira unaungua ushachelewa, simama ipoe. Pazuri pa kusimama ni Soni, ukishapita senta mbele kidogo maporomoko unayaona toka barabarani. Pale Soni nunua mapeasi, ila chagua yale magumu, yaliyoiva hayafiki hata Segera.