Hesabu mayai kila jioni: kufuga kuku wa mayai nyuma ya nyumba, Kigoma

Nina kuku 20 tu wa mayai, nyuma ya nyumba hapa Gungu. Mwezi Septemba, jua lilipokuwa kali na mvua hazijaanza, mayai yalishuka kutoka 18 kwa siku hadi 11, ndani ya siku nne. Kuku walikuwa wanakula. Hakuna aliyejikunyata, na kinyesi kilikuwa cha kawaida. Nilikwenda duka la dawa za mifugo, nikaeleza shida, nikauziwa antibaiotiki bila hata kuulizwa kuku wanaishije. Niliwapa dawa, mayai hayakupanda, na yale machache niliyookota ilibidi niyamwage mpaka siku zilizoandikwa kwenye pakiti zipite.

Aliyeliona kosa ni binti yangu. Alirudi shuleni saa saba mchana akakuta chombo cha maji kikavu. Maji niliyojaza asubuhi yaliwatosha vizuri mwezi Juni, lakini Septemba yalikuwa yanaisha kabla ya adhuhuri, na kabla hayajaisha yalikuwa ya moto kwa sababu chombo kilikaa upande wa jua. Yai, ukiondoa ganda, robo tatu yake ni maji. Kuku anayetaga hunywa karibu robo lita kwa siku, na siku ya joto kali anaweza kufikisha nusu lita. Kuku 20 basi wanataka lita 5 siku ya kawaida na hadi 10 siku ya joto. Sasa nina vyombo viwili kivulini, najaza asubuhi na tena saa sita mchana, na nasugua utelezi wa ndani kila siku. Mayai yalichukua wiki mbili kurudi yalipokuwa.

Tangu hapo nina daftari limening'inizwa mlangoni mwa banda. Kila jioni naandika mambo matatu: idadi ya kuku, idadi ya mayai, na yai lolote lenye kasoro. Kuku 20 wakitoa mayai 17, hiyo ni asilimia 85, na kundi zuri likiwa kwenye kilele chake, karibu wiki ya 25 hadi 35 ya umri, linafika hapo au zaidi. Mayai yakishuka ghafla kwa siku mbili mfululizo, anza kutafuta sababu kabla ya kufungua pochi. Mimi natafuta kwa mpangilio huu: maji, chakula, mwanga, wadudu wa mwilini, kisha ndipo ugonjwa. Kuku huficha maradhi mpaka yamemzidi, ila utagaji hawezi kuuficha.

Kuhusu chakula, kuku mmoja wa mayai hula karibu gramu 120 kwa siku. Kundi la 20 linamaliza kilo 2.4, na mfuko wa kilo 50 unakwenda siku 20 hivi. Andika tarehe ya kufungua mfuko. Wangu uliwahi kuisha siku ya 14, nikagundua panya wametoboa chini ya ukuta. Ninunue chakula kilichochanganywa au nichanganye mwenyewe? Kwa kuku wachache kiasi hiki, nunua, kama kinapatikana kikiwa kipya. Wanaoshindwa kukipata, au wanaoungana majirani watatu wanne, wanaweza kuchanganya kilo 100 hivi: mahindi yaliyoparazwa kilo 52, pumba ya mahindi 10, mashudu ya alizeti 18, dagaa waliosagwa 10, chokaa ya mifugo 8, unga wa mifupa kilo moja na nusu, halafu premiksi ya kuku wa mayai (mchanganyiko wa vitamini na madini) na chumvi robo kilo kila kimoja. Hivi vidogo vya mwisho vichanganye kwanza na pumba kidogo ndipo uvimwage kwenye rundo, la sivyo kuku mmoja atakula chumvi yote na mwingine akose. Mahindi yaliyoota ukungu usiyape kuku kwa kisingizio kwamba watu hawayali. Sumukuvu huharibu ini la kuku kama inavyoharibu letu.

Kwa dagaa, watu wa Kigoma tumependelewa. Lakini dagaa wa kulisha kuku wachague kwa makini: wasiwe wa chumvi, na wasiwe wameanikwa mchangani. Tia konzi moja kwenye bakuli la maji ukoroge. Mchanga utatua chini nawe utaona unalipia nini. Usizidishe kilo 10 kwa 100, maana mayai yataanza kunuka samaki na mteja hatarudi. Na weka akiba. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa shughuli za uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, na ni hatua ninayoiunga mkono kwa moyo wote, kwa kuwa bila samaki ziwani hakuna dagaa wa mtu wala wa kuku. Ila mfugaji anayenunua dagaa kwa kisado kila wiki hupata shida kipindi kama hicho. Akipunguza dagaa bila kuongeza chochote badala yake, mayai hupungua ukubwa, kisha idadi. Dagaa waliokauka sawasawa, wakiwa kwenye gunia lililoinuliwa juu ya sakafu, wanakaa miezi hiyo mitatu.

Sasa maganda. Wafugaji wengi hulalamika mayai yanavunjika kiotani, au yanatoka na ganda laini kama ngozi. Yai moja huchukua karibu saa 25 kutengenezwa ndani ya kuku, na kati ya hizo karibu 20 ni za kujenga ganda. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika usiku, kuku akiwa amelala kwenye kichanja. Kwa hiyo madini ya ganda yanafaa yawemo tumboni jioni. Mimi huweka kopo la pembeni lenye maganda ya mayai yaliyochemshwa, yakakaushwa na kupondwa vipande vidogo, kuanzia saa kumi jioni. Usiyasage yakawa unga. Vipande hukaa tumboni muda mrefu na kuyeyuka polepole usiku kucha. Yaponde mpaka yasifanane na yai, kuku asije akajifunza kula mayai yake. Joto nalo hudhoofisha ganda, kwani kuku anayehema kwa mdomo wazi hupoteza hewa inayohitajika kulijenga. Lakini kuku wadogo, chini ya wiki 17, wasipewe chakula cha kuku wa mayai. Chokaa ile yote huharibu figo zao, na utakuja kuona madhara baadaye, wakianza kutaga.

Mwanga wengi hawaufikirii. Huku kwetu jua huchomoza karibu saa moja asubuhi na kuzama karibu saa moja jioni, mwaka mzima bila tofauti kubwa. Hizo ni saa 12, na kuku wa kisasa anataka 14 hadi 16. Nawasha taa ndogo saa kumi na nusu alfajiri mpaka kupambazuke. Sipendi taa ya usiku, kwa sababu ikizimika ghafla kuku wanabaki sakafuni gizani wakitafuta kichanja. Ukishaanza, usiache. Kuruka taa kunaweza kuwafanya wanyonyoke manyoya na kusimamisha mayai. Umeme unakatika, hivyo taa ya sola ya bei nafuu inafaa kuwepo akiba. Na usiwawashie matetea kabla hawajakomaa.

Banda lenyewe sina mengi. Kuku watano kwa mita moja ya mraba, maranda au pumba za mpunga unene wa kiganja, kiota kimoja chenye giza kwa kila kuku watano. Ukiingia ukasikia harufu ya kuwasha macho, maranda yamelowa. Ziba kila tundu linalopitisha ngumi, kwa sababu sisi tulio karibu na ziwa tuna kenge, na kenge akishaonja mayai hurudi kila siku saa ileile. Jogoo hahitajiki, mayai yanatagwa bila yeye.

Kideri, yaani ugonjwa wa Newcastle, hakina dawa. Nasema hivi kwa uchungu, maana nimewaona akina mama wakitumia hela ya wiki nzima kununua vidonge huku kuku wakipinda shingo. Kilichopo ni chanjo ya tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu, kwa kuku wasiougua tu. Kichupa kimoja kina dozi nyingi kuliko kuku wa nyumba moja, nayo ikishafunguliwa haihifadhiwi. Sisi mtaani tunachanga, tunapanga Jumamosi moja jioni, tunapita nyumba hadi nyumba, wa kisasa na wa kienyeji pamoja. Jirani akiacha kuku wake watano wa kienyeji bila chanjo, ugonjwa utapitia hao. Kuku mgeni kutoka mnadani nae akae pekee yake wiki mbili kabla ya kuchanganywa.

Karibu wiki ya 75 hadi 80, daftari litakuonyesha mayai hayalipi tena chakula. Hapo uza, wangali na nyama. Kosa ni kungoja wachoke ndipo uagize vifaranga, kwani utakaa miezi mitano bila yai. Wangu wanafika wiki ya 75 mwezi Machi. Vifaranga niliwaagiza tangu Oktoba, wakae banda lao mbali na wakubwa.