SOMO: Kuingia maabara ya kemia na kutoka mzima (maswali ya praktikali yote yaletwe humu)

Wakuu, kila mwaka kidato cha nne wakianza kukimbizana na praktikali za Novemba, ujumbe unanimiminikia, na maswali ni yale yale. "Mwalimu, tindikali imenimwagikia, nipake nini?" "Mwalimu, pipeti, ule mrija wa kupimia kimiminika, tunafyonza kwa mdomo, kuna ubaya?" Nimejibu mpaka vidole vimechoka. Leo naandika mara moja. Atakayeuliza kilichomo humu nitamtajia namba ya hatua, basi.

Mimi ni fundi sanifu wa maabara, mwaka wa kumi na nane huu kwenye shule za sekondari. Nazungumzia maabara zetu zilivyo: bomba linatoa maji siku mbili tatu kwa wiki, wanafunzi sitini wanagombania meza nane, na kabati la kutolea mvuke limegeuzwa stoo ya madaftari.

1. Viatu vya kufunika, si kandambili. Nywele zifungwe, tai na ncha za ushungi zichomekwe ndani ya koti. Miwani ya kinga. Ya jua haihesabiki.

2. Maji kwanza. Bomba likiwa kavu, ndoo mbili zilizojaa pamoja na jagi zikae mahali ambapo mtu aliyefumba macho anaweza kupelekwa bila kuruka mabegi. Hakuna maji, hakuna praktikali. Mkuu wa shule akinuna, anune.

3. Soma lebo unapoichukua chupa, isome tena kabla ya kumimina. Chupa isiyo na lebo ni ya kuulizia, si ya kunusa. Na kemikali haikai kwenye chupa ya maji ya kunywa, hata dakika moja.

4. Pipeti ni kwa kifyonzi cha mpira. Mdomo hapana.

5. Bureti, ule mrija mrefu wa kupimia wenye koki chini, ishushwe. Wengi wanaiacha juu stendini, wanapanda stuli na kumimina tindikali juu ya vichwa vyao wenyewe. Iteremshe mpaka mdomo wake uwe chini ya macho yako, tumia faneli ndogo, halafu faneli uitoe kabla ya kusoma, maana tone likidondoka baadaye limekuharibia hesabu.

6. Kuzimua: tindikali inaingia kwenye maji, kidogo kidogo, huku unakoroga. Kamwe maji yasiingie kwenye tindikali.

7. Tyubu inayochemshwa isielekee uso wa mtu yeyote, wako ukiwemo. Isijazwe zaidi ya robo, na isitulizwe mahali pamoja juu ya mwali, bali itikiswe. Harufu unaipepea kwa kiganja ikufuate; hupeleki pua kwenye tyubu.

8. Kupitisha mrija wa kioo kwenye kizibo: lowesha, shika kwa kitambaa, shika karibu na kizibo, zungusha taratibu. Viganja nilivyofunga kwa sababu ya vioo ni vingi kuliko vya tindikali.

9. Taa ya spiriti. Hapa mnivumilie, maana hapa ndipo nilipoumbuka.

Ilikuwa mwaka wangu wa tatu kazini. Wanafunzi walikuwa wanachambua chumvi, taa ya meza ya dirishani ikaonekana imezimika. Nikaja na chupa ya lita moja, spiriti ikiwa nusu, nikafungua taa nimimine. Haikuwa imezimika. Mwali wa spiriti ni wa bluu hafifu, na juani hauonekani kabisa. Nilisikia "puu" kabla ya kuona kitu, kisha mkono wangu wa kulia ukawa wa moto mpaka kwenye kiwiko. Nikaiachia chupa. Spiriti ikatiririka mezani ikidondoka chini, na moto ukaifuata kama maji yanavyofuata mfereji, kuelekea miguu ya watoto.

Ndoo ya mchanga ilikuwepo. Mchanga wake walikuwa wameuchukua mafundi wa choo juma lililopita. Aliyetuokoa ni binti mmoja wa kidato cha tatu, aliyevuta gunia bichi la kudekia mlangoni akalitupa juu ya meza, kisha akanifunika mkono kwa koti lake. Nywele za mkono ziliota tena, ila ile harufu naikumbuka mpaka leo.

Sasa sikilizeni sababu. Spiriti hutoa mvuke wa kutosha kushika moto kuanzia nyuzi joto 13 hivi. Dar es Salaam hakuna siku ya nyuzi 13, kwa hiyo chupa yako ya spiriti ina mvuke wa kuwaka muda wote. Iliyobaki nusu ni hatari zaidi kuliko iliyojaa, kwa kuwa ile nafasi tupu si tupu, imejaa mvuke uliochanganyika na hewa. Unapomimina, moto unapanda mkondo mpaka ndani ya chupa, na chupa inautema kama bomba. Msidhani ni ushamba wetu. Septemba 2014 kule Marekani, katika miji ya Reno na Denver, watoto waliungua ndani ya wiki mbili kwa kosa hilo hilo, methanoli, ndugu yake spiriti, ikimiminwa kutoka chupani kwenye maonyesho ya sayansi ya moto.

Kwa hiyo:
– Taa inazimwa kwa kofia yake, haipulizwi. Inaachwa ipoe mpaka uweze kuishika.
– Usiamini macho. Funika kwa kofia hata kama unaona imezimika.
– Ujazaji ufanyike kwenye meza nyingine, au nje, mbali na mwali wowote. Chupa kubwa haiingii kwenye chumba chenye moto. Mimi sasa najaza taa zote asubuhi, na chupa nafungia stoo.
– Gunia au blanketi bichi liwepo, na mchanga ukaguliwe kila asubuhi. Ukaguliwe kwa kuuona.

10. Taka zenye madini ya risasi au ya fedha ziende kwenye ndoo yake, si kwenye sinki. Funga gesi. Nawa mikono kabla ya kugusa andazi.

11. Kemikali ikikumwagikia: maji mengi yanayotiririka, dakika 20, kwa saa ya ukutani na si kwa kukadiria. Nguo iliyolowa ivuliwe huku maji yanaendelea, aibu baadaye. Jichoni vivyo hivyo, kope zimeshikwa wazi, kisha hospitali hata kama maumivu yamekwisha. Kostiki soda, ambayo ni besi kali, iogopeni jichoni kuliko tindikali. Ule utelezi unaousikia vidoleni ukiigusa ni mafuta ya ngozi yako mwenyewe yanageuka sabuni, na jichoni inazama ndani vivyo hivyo. Kuungua kwa moto nako ni maji ya kawaida yanayotiririka, dakika 20. Dawa ya meno ni ya meno.

---

MASWALI YA WANACHAMA

dogo_wa_sayansi: Shukrani mwalimu. Tindikali ikinimwagikia mkononi napaka magadi au unga wa kuokea?

Mwandishi: Hatua ya 11.

dogo_wa_sayansi: Lakini darasani tumefundishwa besi inaua tindikali.

Mwandishi: Ndani ya bika, kile chombo cha kioo cha kuchanganyia, ndiyo. Na bika inapata joto wakati zinauana, umewahi kuigusa? Sasa hilo joto unataka kulipikia kwenye ngozi iliyokwisha kuungua. Maji, mdogo wangu. Unga wa kuokea ni wa tindikali iliyomwagika mezani au sakafuni.

Binti_Ujiji: Shikamoo mwalimu. Hatua ya 6 tunaikariri tu kama shairi. Kwani ukigeuza kuna nini hasa? Si vinachanganyika vile vile?

Mwandishi: Marahaba mwanangu, swali zuri. Umewahi kuona tone la maji likiingia kwenye karai la mafuta ya maandazi? Ni mambo ya namna hiyo. Tindikali kali ya salfuriki ni nzito, mililita moja ina uzito wa gramu 1.84, wakati ya maji ni gramu moja. Ukimimina maji juu yake, yanaelea. Pale yanapokutana panatoka joto kubwa, na maji yaliyo juu ni machache, kwa hiyo yanachemka papo hapo na kuruka, yakibeba tindikali usoni kwako. Ukianza na maji, tindikali inazama, inatawanyika, na joto linagawanywa na maji mengi. Hata hivyo bika itapata moto, kwa hiyo iweke kwenye beseni la maji baridi, na usiwe na haraka.

Mkongwe_74: Mnawadekeza. Sisi tulifyonza pipeti kwa mdomo miaka yote, na tuko hai.

Mwandishi: Kaka, walio hai ndio wanaoandika humu. Mimi pia nilifyonza, na kostiki niliionja. Wiki nzima nilikunywa uji wa vuguvugu. Kifyonzi cha mpira kinagharimu kiasi gani ukilinganisha na koo?

Mkongwe_74: Shule zetu hazina.

Mwandishi: Hapo umesema kweli. Sirinji kubwa ya plastiki na kipande cha mpira wa dripu, unganisha juu ya pipeti, vuta. Inachelewesha, inafanya kazi.

teja_wa_titi: Sisi spiriti hatuna, tunatumia jiko la mchina. Hatua ya 9 haituhusu, au?

Mwandishi: Inawahusu. Mafuta ya taa yanahitaji kuanzia nyuzi 38 hivi, kwa hiyo ni afadhali kidogo yakiwa baridi. Jiko lililotoka kuzimwa si baridi. Lizime, lipoe, ndipo ujaze. Na likilipuka usimwage maji, mafuta yataelea na kusambaza moto. Gunia bichi. Zimamoto ni 114.

Nesi_mstaafu: Mwalimu, glovu nyembamba za hospitali zinatosha?

Mwandishi: Kwa tindikali iliyozimuliwa, ndiyo, mradi uzivue mara zikilowa. Ila glovu si ukuta. Agosti 1996 Karen Wetterhahn, profesa wa kemia wa Chuo cha Dartmouth, alidondokewa na matone machache ya dimethili ya zebaki, sumu kali, juu ya glovu ya lateksi. Baadaye vipimo vilionyesha kitu kile kinapenya glovu ya aina ile ndani ya sekunde 15. Alifariki Juni 1997. Kemikali ile hamtakutana nayo sekondari, lakini ndiyo sababu siwaruhusu watoto kujiona salama kwa kuwa tu mikono ni myeupe. Na mwenye glovu asikaribie mwali, inayeyuka ikikushika.

Fundi_wa_Tanga: Naongezea, ndugu. Chupa ya amonia kali kwenye joto la huku pwani inajijaza presha. Mimi naitumbukiza kwenye ndoo ya maji baridi kwanza, naifungulia nje, uso pembeni, kizibo nalegeza polepole.

Mwandishi: Asante sana, nilisahau hiyo. Waliosoma hapa wainakili.

Kidato6_PCB: Nitreti ya fedha ilinidondokea, vidole vimekuwa vyeusi. Na kile kimiminika cha fedha na amonia cha kupimia aldehaidi tulichobakiza, tukitunze hadi Jumatatu?

Mwandishi: Vidole vitapona ngozi ikibadilika, siku kadhaa, acha kusugua. Lakini hicho kilichobaki USITUNZE. Kikikaa kinaweza kutengeneza kitu kinacholipuka kwa kutikiswa tu. Nenda kwa mwalimu wako leo, kitiwe tindikali iliyozimuliwa ya nitriki na maji mengi, kiingie ndoo ya taka. Kinatengenezwa kipya kila mara, kiasi cha kutumia tu.

Kidato6_PCB: Kimeshamwagwa, mwalimu amesema asante. Mwingine anauliza, lebo zetu zinafutika, tuandike na nini?

Mwandishi: Penseli, wino unakimbia. Halafu sugua mshumaa juu ya karatasi.