Kabla hujalipia safari ya kutazama vipepeo kaskazini mwa Uingereza

Sisi tuliokulia Tanga hatumlipii kipepeo nauli. Anaingia mwenyewe jikoni, anatua kwenye beseni, anajiondokea. Kwa hiyo siku niliyomwambia dada yangu kwamba nimelipa kuongozwa siku nne huko Cumbria nikatazame vipepeo, alinyamaza kwanza, kisha akauliza, "Mdogo wangu, kazini kwema?" Nilienda, na ningeenda tena. Ila yapo mambo ambayo ningeyajua mapema, kiangazi changu kisingeharibika.

Anza na tarehe. Usiangalie likizo ya watoto, angalia kipepeo unayemtaka. Uingereza nzima ina aina 60 hivi tu, na kila mmoja ana wiki zake. Mountain Ringlet, yule mdogo wa milimani, huruka kuanzia katikati ya Juni hadi Julai. Ukienda mwisho wa Agosti utatazama nyasi. High Brown Fritillary, mkubwa wa rangi ya chungwa na mmoja wa walio hatarini zaidi nchini, huanza kuonekana mwishoni mwa Juni. Ukimtaka Scotch Argus, yule wa kahawia iliyokoza, nenda kilima cha Arnside Knott mwanzoni mwa Agosti. Anayekuuzia safari na kukuahidi wote watatu kwa siku nne, muulize vizuri.

Muulize pia jua likigoma mtafanya nini. Kule kuna watu wanaohesabu vipepeo kwa utaratibu maalumu tangu 1976, na joto likiwa chini ya nyuzi 13 hawatoki kabisa. Mountain Ringlet ndiye mwenye deko kuliko wote: wingu likipita tu, anadondoka kwenye majani na kutulia humo. Siku yetu ya kwanza tulikaa mlimani tangu saa nne asubuhi mpaka saa nane, tunakunywa chai ya chupa na kutazama angani kama wakulima. Tuliona wawili.

Viatu vya kupandia mlima, vilivyokwisha kuvaliwa. Koti la mvua, hata kama ni Julai. Sweta. Maji. Darubini iwe ile inayoona vizuri kitu kilicho mita mbili mbele yako. Ile ya kutazamia tembo Mikumi itakuonyesha ukungu. Wavu uache nyumbani. High Brown Fritillary analindwa na sheria ya mwaka 1981, hakamatwi.

Suruali ndefu, na ncha zake uzichomeke ndani ya soksi. Najua utaonekana kituko. Mimi nilivaa gauni la kitenge la chini kidogo ya goti, kwa sababu jua lilikuwa limewaka na nilitaka picha za kutuma nyumbani. Kiongozi wetu alikuwa ametaja kupe asubuhi ya kwanza, sentensi moja, katikati ya habari za choo na sandwichi. Kupe niliyemjua mimi ni yule wa ng'ombe, amevimba kama harage, anaonekana toka mlangoni. Wa kule, akiwa bado mchanga, hazidi sana mbegu ya mchicha. Na anaishi palepale unapokwenda: High Brown Fritillary hutafuta mmea wa urujuani unaoota chini ya makangaga, kwa kuwa majani makavu ya mwaka jana hutunza joto la kuwafaa viwavi wake. Unayapita makangaga yanayokufika kiunoni ukimfuata kipepeo, na kupe yumo humo anakungoja wewe.

Jioni ya siku ya tatu niliona kidoa cheusi nyuma ya goti. Nikadhani uchafu. Nikakikwangua kwa ukucha, nikalala.

Baada ya wiki mbili hivi palikuwa na weusi uliozidi weusi wangu, upana wa kiganja, hauumi wala hauwashi. Nikasema nimejigonga kwenye ngazi za basi. Kisha homa, kichwa, viungo kuuma. Dada kwenye simu: "Hiyo malaria, kapime." Tanga nilikuwa sijakanyaga miaka miwili. Nikaenda kliniki, nikaambiwa ni mafua, nikapumzike. Na pale ukutani, nikisubiri zamu yangu, palikuwa na picha ya ugonjwa wa Lyme unaoletwa na kupe: duara jekundu kwenye mguu mweupe. Niliisoma yote. Mguu wangu ulikuwa na doa lile lile chini ya gauni, na sikujua, kwa sababu langu halikuwa jekundu. Kwenye ngozi zetu wekundu huweza usionekane kabisa. Unaona kitu kama alama ya kujigonga.

Nikapumzika, kama nilivyoambiwa. Asubuhi moja nikawa napiga mswaki, maji yakamwagika upande mmoja wa mdomo. Nikatazama kioo: nusu ya uso imelala. Nilikwenda hospitali nikijua ni kiharusi. Daktari kijana ndiye aliyeniuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameuliza: "Umetembea porini kiangazi hiki?" Nikapewa doxycycline siku 21, dawa ileile ambayo watalii humeza wakija kwetu ili wasipate malaria. Uso ulichukua wiki saba kurejea.

Kwa hiyo kila jioni, kabla ya kula, vua nguo ujikague: nyuma ya magoti, kinena, kwapa, kiunoni, nyuma ya masikio. Ukiwa umesuka, pitisha vidole kwenye kila mstari. Watoto wakague kichwa. Beba kibano chenye ncha nyembamba. Mshike kupe karibu kabisa na ngozi, umvute polepole bila kumsokota. Usimchome kwa sigara wala kumpaka mafuta ya taa kama tulivyomfanyia mbwa wa babu. Andika tarehe. Doa mara nyingi hutokea ndani ya wiki nne, ila huweza kuchelewa hata miezi mitatu. Likitokea, lipige picha leo na keshokutwa uone kama linapanuka. Kupe wengi hawana ugonjwa huo, usikeshe ukilia. Lakini ukienda kwa daktari, neno "kupe" litamke wewe mwenyewe, kwanza, na umwonyeshe mahali penyewe.

Mengine unayajua. Simu ichajiwe, milimani mtandao hukatika. Mageti ya kondoo uyafunge ulivyoyakuta yamefungwa. Dawa zako za kila siku zisibaki kwenye begi la hotelini. Na Arnside msishuke kwenye mchanga wa ghuba ya Morecambe eti maji yako mbali: yanarudi kwa kasi, na mchanga wenyewe una mahali unapomeza miguu. Mwaka 2004 waokota kombe wasiopungua 21 walikufa kwenye ghuba hiyo kwa usiku mmoja. Kuna king'ora pale kijijini cha kutangaza maji yanayokuja. Kikilia, panda juu, na picha utapiga kesho.