Somo: Waya, kamba na roda za katamarani kuukuu – tuanze na kinachoshikilia mlingoti

Wanachama, habari za ziwa. Wengi wenu wenye Hobie 14 na Hobie 16 za zamani, zile katamarani ndogo za tanga zenye mitumbwi miwili iliyounganishwa kwa boriti, mmeniuliza kuhusu kuzifanya upya, na karibu kila swali linaanza na roda: ninunue zipi, ngapi, za bei gani. Ninaomba tuanze kwingine. Mlingoti wa chombo hiki haukuchomekwa ndani kama wa mashua. Umesimama juu ya boriti ya mbele, kwenye kibakuli kidogo, na unashikiliwa na waya pande tatu tu: mbele, kulia na kushoto. Ikikatika waya moja, hakuna ya pili ya kuisaidia.

Hilo nililiona mwenyewe nje ya Dunga, karibu na Kisumu, saa tisa alasiri, upepo wa ziwa ukiwa umeshika vizuri. Waya ya ubavuni, upande wa upepo, ilikatika karibu na sakafu na mlingoti ukalala majini pamoja na matanga yote. Hatukuumia. Tulipovutwa hadi ufukweni niliipasua ile plastiki nyeupe iliyofunika waya. Nje ilikuwa safi kabisa. Ndani kulikuwa na kutu, na nyuzi kadhaa zilikuwa na mivunjiko myeusi, ishara kwamba zilikatika zamani na chombo kilikuwa kinashikiliwa na zilizobaki. Pesa za mwezi uliotangulia nilikuwa nimezimalizia kwenye roda. Ndiyo maana somo hili lina mpangilio wake, na ninawasihi msiruke hatua.

Neno moja kuhusu maneno. Ninatumia ya mabaharia wa pwani kwa sababu yapo tayari na yanatosha: henza ni kamba ya kupandisha tanga, demani ni kamba ya kulivuta tanga ndani na kulilegeza, roda ndiyo ile ambayo wengine huiita kapi.

Hatua ya 1: Laza mlingoti

Kabla ya kuushusha au kuuinua, tazama juu. Mlingoti wa Hobie 16 una urefu wa mita 8 na zaidi, na ni wa alumini. Iliyotengenezwa baadaye ina ncha ya faibaglasi, iliyowekwa baada ya watu kuuawa na nyaya za umeme huko Marekani. Ncha hiyo haikukingi ikiwa ni sehemu ya chini iliyogusa. Chombo kikokotwe hadi mahali palipo wazi hata kama ni mbali.

Hatua ya 2: Kagua kila kiungo

Hapa msiwe na haraka. Waya ya ubavuni huwa na nyuzi 19 ngumu zilizosokotwa pamoja, na huanza kufa mahali pamoja karibu kila mara: pale inapotoka kwenye kile kifungo cha chuma kilichobanwa mwishoni, hasa mwisho wa chini, kwa sababu maji huteremka na kutuama hapo. Kata plastiki yote. Pitisha pamba juu ya waya, si kidole. Uzi uliokatika utanasa pamba. Ukipata uzi mmoja tu, waya hiyo imemaliza kazi yake, na ya upande wa pili inatoka nayo kwa sababu umri wao ni mmoja.

Kisha tazama pini, shakeli, na vile vibao vya chuma vyenye matundu ubavuni vinavyopokea waya. Tundu lililokuwa duara likionekana kama yai, badilisha kibao. Tazama pia kipande cha juu mlingotini ambako waya zote hukutana. Huko ndiko watu husahau kwa sababu mlingoti ukisimama hakionekani.

Hatua ya 3: Pima kabla ya kutupa

Waya za zamani ndizo kielelezo chako. Pigilia misumari miwili kwenye ubao mrefu, tia vitanzi vya waya, vuta hadi inyooke, halafu upime kutoka ndani ya kitanzi kimoja hadi ndani ya kingine. Andika. Zikitofautiana, usiamini yoyote. Moja huenda iliwahi kubadilishwa na mtu aliyekadiria kwa macho. Waya mpya za ubavuni zitengenezwe siku moja, kwa misumari ileile.

Hatua ya 4: Chagua cha kuweka

Waya sahihi ni ya stenlesi ya daraja la 316, nyuzi 19, unene wa milimita 3.2 hivi, isiyo na plastiki. Kukosa plastiki ndiko kuboresha kwenyewe: ukiwa nayo hivyo, unaona kila kitu. Waya laini ya winchi yenye nyuzi nyingi nyembamba haifai, inavutika mno, na ikiwa ni ya zinki itashika kutu. Waya ya breki ya pikipiki haifai hata kwa safari moja. Vile vibanio vyenye umbo la U vinavyoonekana kwenye nguzo za simu pia havifai. Vinafaa kuvutia chombo kikiwa kimeharibika, basi.

Vifungo vya mwisho hubanwa kwa chombo maalumu chenye mdomo wa kipimo kileile. Ninawaheshimu mafundi wetu wa jua kali wa Kibuye na Kondele, wamenichomelea mambo mengi, lakini kifungo kilichopigwa kwa nyundo hakishiki sawasawa pande zote. Mimi huagiza waya zikiwa zimeshabanwa kwa vipimo nilivyoandika.

Sasa Dyneema. Ni kamba ya nyuzi za plastiki yenye nguvu ya ajabu. Kwa unene uleule inaishinda waya kwa nguvu ya kukatika, ni nyepesi hadi inaelea, na haipati kutu. Ninaipenda na ninaitumia kwenye henza na kwenye kamba ambazo baharia huning'inia nazo nje ya chombo ili kukisawazisha. Kwa waya za ubavuni bado ninasita, na sababu yangu si nguvu. Ikikaa chini ya mvuto kwa muda mrefu hurefuka polepole na hairudi, hivyo unahitaji nene kuliko hesabu ya nguvu inavyosema, na unahitaji namna ya kuikaza mara kwa mara. Pia ikisuguana na ukingo wa chuma huchanika, na joto la nyuzi 150 hivi za Selsiasi huiyeyusha. Ukiitumia, usiifunge fundo. Fundo huipunguzia nusu ya nguvu au zaidi, tena huteleza. Isukwe kwa kuingizwa ndani yenyewe, urefu wa mara 72 wa unene wake: kamba ya milimita 4 iingie ndani si chini ya sentimita 29, na mwisho wake upunguzwe nyuzi uwe kama mkia wa panya.

Na ukitaka kushindana rasmi katika daraja la Hobie, kanuni zao hubana sana kuhusu vipuri. Baki na vilivyoruhusiwa.

Hatua ya 5: Mlingoti wenyewe

Chini ya mlingoti kuna kisahani cha plastiki ngumu kinachouwezesha kuzunguka. Kikilika, alumini inasaga alumini. Ni kitu kidogo, badilisha bila kufikiri sana.

Utikise mlingoti ukiwa umelala. Ukisikia maji ndani, muhuri umeacha. Mlingoti mkavu huelea na kukupa nafasi ya kukiinua chombo kilicholala ubavu. Ukijaa maji unazama, chombo kinageuka juu chini, na kwa vile ghuba letu la Winam halina kina kirefu karibu na Kisumu, ncha inakita kwenye tope. Kuutoa humo kunaweza kuvunja mlingoti mzima. Ziba kila tundu la riveti kwa silikoni ya vyombo vya majini, kisha uuzamishe uone mapovu.

Riveti za stenlesi ndani ya alumini zinahitaji kitu cha kuzitenganisha, kwa sababu metali hizo mbili zikilowana pamoja alumini huliwa. Maji yetu ni baridi, hayana chumvi, kwa hiyo kazi hiyo huenda polepole kuliko Mombasa, lakini huenda. Grisi ya lanolini inatosha.

Hatua ya 6: Kamba na roda

Sasa tumefika mnapopapenda. Henza na demani ziwe za poliyesta, au Dyneema yenye gamba la poliyesta. Demani ya milimita 9 au 10 hushikika vizuri mkononi. Nyembamba zaidi hukata viganja hata ukivaa glavu.

Roda za demani: nyingi za zamani zina mizunguko michache na magurudumu yaliyokwaruzika. Mfumo wa sita kwa moja (kamba ikipita mara sita kati ya roda) wenye gololi unakupa takribani kilo 120 kwa mvuto wa kilo 20 wa mkono, ukiacha kinachopotea kwa msuguano. Chagua zile fupi za kimo. Sababu ni hii: matanga mapya na namna ya sasa ya kusafiri hupenda mlingoti uliolala nyuma kidogo, na ukiulaza, nyuma ya bumu (mti wa chini wa tanga kuu) hushuka. Roda ndefu hugusana kabla tanga halijakazwa, na hapo hakuna nguvu itakayosaidia.

Kamba ya kuvuta tanga kuu chini mlingotini ndiyo mabadiliko ya bei nafuu yenye faida kubwa. Iwe sita kwa moja pia, na mwisho wake ufikike ukiwa umekaa ubavuni. Upepo ukizidi, ivute: tanga linakuwa bapa, chombo kinatulia.

Hatua ya 7: Simamisha, pima, kaza

Mlingoti ukisimama, chukua henza ya tanga kuu, ipeleke kwenye kibao cha ubavuni kulia, weka alama, kisha kushoto. Alama zikikutana, mlingoti uko katikati. Kwenye Hobie 16, ukilikaza tanga la mbele kwa henza yake, ile waya ya mbele hulegea. Hiyo ndiyo hali yake: mzigo umehamia kwenye waya iliyo ndani ya ukingo wa tanga. Kwa hiyo waya hiyo nayo ikaguliwe, maana wengi hawajawahi kuitoa. Vipete vya pini vyote vifungwe kwa tepu.

Safari ya kwanza iwe asubuhi, upepo wa nchi kavu ukiwa mwepesi. Rudi baada ya nusu saa ukague kila kiungo, ndipo ungoje upepo wa mchana. Na epuka kuvamia gugu maji kwa kasi. Mitumbwi miwili ya chombo husimama ghafla, mlingoti unataka kuendelea mbele, na mshtuko wote hubebwa na waya zile mbili za ubavuni.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Homa Bay: Mwalimu, nina kamba nyingi ya nailoni ya wavuvi, mpya. Siwezi kuitumia kama henza?

Jibu: Kwa nanga ni nzuri sana, ndugu yangu, kwa sababu inavutika na kumeza mshtuko. Kwa henza kuvutika huko ndiko kasoro. Utalikaza tanga ufukweni, ukifika katikati limeshuka na limejaa mikunjo.

Dada wa Naivasha: Sisi huku hatuna chumvi kabisa. Wenzetu wa baharini wanasema wabadilishe waya kila miaka mitatu hadi mitano. Nasi?

Jibu: Dada, maji baridi yanapunguza kutu, hayapunguzi uchovu wa chuma. Waya huchoka kwa kulegea na kukazwa kila wimbi. Na huko kwenu, karibu mita 1,900 juu ya bahari, jua ni kali kuliko hapa Kisumu, ambako ziwa liko mita 1,134. Hivyo kamba na matanga yenu huzeeka mapema. Kwa chombo kinachotoka kila wiki, ningebadilisha waya mwaka wa tano hata zikionekana nzima, na kukagua kwa pamba kila miezi mitatu. Mlingoti usiachwe umesimama ukiyumba kwa upepo miezi mizima bila kazi.

Mwanachama, Usenge: Nilinunua Hobie 16 bila waya ya mbele. Nitajuaje urefu?

Jibu: Tumia kamba kwanza, isiyovutika. Weka waya mpya za ubavuni kwenye tundu la katikati, simamisha mlingoti kwa kamba hiyo mkiwa watu watatu, muuvute mbele kwa kamba hiyo mpaka waya za ubavuni zikaze, weka alama, shusha, pima. Acha nafasi ya kurekebisha pande zote mbili.

Mzee wa Mbita: Kijana, mimi nina mtumbwi wa tanga moja la pembe tatu lenye foromali. Je, nikiweka waya za ubavuni kama hizo?

Jibu: Mzee wangu, shikamoo. Hapana, kwa heshima. Foromali yako inahitaji kuvuka kutoka upande mmoja wa mlingoti hadi mwingine unapogeuza, na waya zilizokaa daima pande zote mbili zitaizuia. Njia ya zamani bado ndiyo sahihi: kamba inayohamishwa kila mara upande wa upepo, na henza iliyofungwa nyuma ili isaidie kuushikilia mlingoti. Unachoweza kubadilisha ni kamba yenyewe. Weka poliyesta badala ya katani, na roda moja nzuri pale juu. Hapo utaona tofauti siku ileile.

Mwanachama, Kisumu: Nimefanya yote, lakini sasa mlingoti hauzunguki ninapogeuza. Kisahani ni kipya.

Jibu: Legeza henza ya tanga la mbele sentimita mbili, jaribu tena. Ukizunguka, ulikuwa umekaza kupita kiasi. Usipozunguka, inua mlingoti utazame kama kisahani kimekaa sawasawa. Niandikie ulichokuta.