Meli ya Kitalii Inapowasili Siku ya Mgomo: Mwongozo kwa Madereva na Waelekezi wa Mombasa

Msimu wa meli za kitalii katika pwani yetu huanza takriban Novemba na kwisha Aprili, na kila meli inayofunga Kilindini huleta riziki kwa watu wengi kwa mkupuo mmoja: madereva, waelekezi, wachonga vinyago, wenye maduka ya Mji wa Kale na wapishi wa mikahawa. Kwa hiyo tangazo la mgomo au maandamano likitoka siku chache kabla ya meli kufika, wengi wetu hushikwa na wasiwasi na kuanza kuulizana kama meli itakuja. Mwongozo huu unaeleza uamuzi huo hufanywa na nani, hutegemea nini, na kazi ya mtu wa nchi kavu ni ipi kabla ya siku hiyo, siku yenyewe, na baada yake.

Kwanza ifahamike kwamba meli haingoji kufika mlangoni ndipo iamue. Makao makuu ya kampuni huwa na idara ya usalama inayofuatilia bandari zote zilizo katika ratiba, na hapa Mombasa kampuni huwakilishwa na wakala wa meli, ambaye huandika taarifa siku kadhaa kabla ya meli kufika na kuendelea kuzituma hadi ifunge gatini. Taarifa hizo huzingatia mambo ya wazi kabisa: marubani wa bandari, wanaoiongoza meli kuingia, wako kazini au la, tagi, yaani boti zinazoivuta na kuisukuma meli, zinafanya kazi au la, geti liko wazi, barabara zinapitika, polisi wamesema nini. Pamoja nazo hutazamwa kiwango cha usalama kilichotangazwa chini ya Kanuni ya Kimataifa ya Usalama wa Meli na Bandari, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2004 na yenye viwango vitatu. Kiwango kikipanda, ukaguzi wa watu na mizigo huongezeka, na cha tatu hutangazwa pale tu ambapo tishio liko karibu. Hatimaye neno la mwisho ni la nahodha, kwa kuwa mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini unakataza mwenye meli au mtu mwingine yeyote kumzuia nahodha asichukue hatua anayoona ni ya lazima kwa usalama.

Maana yake kwetu ni kwamba kinachoileta au kuigeuza meli ni habari. Wakala anayepata habari za kweli mapema hupanga ziara fupi, hubadilisha njia, au huomba meli ifike saa nyingine. Wakala aliyefichwa habari, kisha wageni wake wakakwama barabarani, ataandika taarifa itakayosomwa na watu wanaopanga safari za miaka miwili ijayo. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu ninaona kishawishi kikubwa cha kusema "hakuna shida, njooni tu" ili pato la siku moja lisipotee. Baada ya shambulio la jumba la makumbusho la Bardo mjini Tunis, tarehe 18 Machi 2015, ambapo abiria wa meli mbili zilizokuwa bandarini siku hiyo waliuawa, kampuni za meli hizo ziliondoa Tunis katika ratiba zao, na ilichukua miaka kabla ya meli kubwa kurudi. Mgomo si shambulio, lakini ratiba hutengenezwa na watu wale wale, kwa woga ule ule.

Kujua ni mgomo wa nani

Si kila mgomo huizuia meli, na hapa ndipo mtu wa Mombasa anapoweza kumsaidia wakala zaidi kuliko gazeti lolote. Wakigoma marubani wa bandari, mabaharia wa tagi au wafunga kamba, meli haiingii, kwa kuwa haiwezi kupita mlango wa Likoni na kufunga gatini bila wao. Wakigoma makuli wa makontena, hali ni tofauti: meli ya abiria haihitaji winchi za gati, hivyo huweza kufunga vizuri tu, ila tatizo huhamia getini, ambapo wanaogoma hukusanyika na mabasi ya wageni hushindwa kutoka. Wakigoma maafisa wa uhamiaji, meli itafunga na abiria watabaki ndani wakitutazama. Mgomo wa viwanja vya ndege, kama ule wa wafanyakazi wa uwanja wa Jomo Kenyatta tarehe 11 Septemba 2024, hauigusi meli yenyewe, bali huwaathiri wanaokuja kuipanda hapa au wanaoshukia hapa kurudi kwao. Nao mgomo wa matatu huacha barabara nyeupe, lakini mpishi anayetoka Mishomoroni na mwelekezi anayetoka Mtongwe hawafiki kazini. Dawa yake ni kuwaleta karibu tangu usiku wa kuamkia siku hiyo.

Unaosumbua kuliko yote ni mgomo baridi, kwa sababu hautangazwi. Kila mtu yuko mahali pake, geti liko wazi, lakini karatasi ya gari moja inachukua muda wa magari kumi. Njia ya kuugundua ni kwenda getini mwenyewe siku moja kabla na kuzungumza na madereva wa malori walio kwenye foleni, ambao hujua hali ya bandari kabla ya mtu mwingine yeyote.

Kwa migomo na maandamano yanayofuata sheria, muda wa kujiandaa upo. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007 inataka ilani ya siku saba kabla ya mgomo kuanza, na sheria ya usalama wa umma inawataka waandalizi wa maandamano kuwaarifu polisi siku zisizopungua tatu na zisizozidi kumi na nne kabla. Fuatilia pia mahakama, kwa kuwa mara nyingi mgomo husimamishwa kwa amri ya jaji saa chache kabla ya kuanza, na aliyekwisha kuwaambia wageni wasije hubaki akijuta. Hata hivyo, maandamano ya vijana ya Juni 2024 yalionyesha kwamba umati unaweza kuitwa mitandaoni bila mwandalizi mmoja wa kuulizwa, kwa hiyo mabango yanayosambazwa katika simu, yenye tarehe, saa na mahali pa kukutania, nayo yasomwe kwa makini na kupelekwa kwa wakala jinsi yalivyo.

Jambo moja la adabu. Haki ya kuandamana na haki ya kugoma zimo katika Katiba ya 2010, ibara ya 37 na ya 41, na wanaogoma ni jirani zetu. Mwelekezi asiwaseme vibaya mbele ya wageni. Mgeni akiuliza, aelezwe kwamba Januari 1947 wafanyakazi wa bandari, wa reli na wa majumbani waliusimamisha mji huu mzima kwa siku kadhaa wakidai mishahara ya kutosha maisha, na kwamba kutokana na mgomo huo Chege Kibachia, kiongozi wa wafanyakazi, na shirikisho lao la African Workers Federation walijulikana kote nchini. Hiyo nayo ni historia ya Mombasa, sawa na Fort Jesus, na wageni wengi huipokea kwa heshima.

Meli inaweza kufanya nini

Hatua nyepesi ni kubadilisha saa: kufika mapema, kungoja nje ya mlango hadi hali itulie, au kufupisha muda wa kukaa. Hatua inayofuata ni kufunga gatini lakini kufuta ziara za mbali, au kuwataka abiria wote wabaki melini huku meli ikichukua maji, mafuta na vyakula. Hatua ya mwisho ni kuipita bandari na kwenda nyingine, ambayo kwa upande wetu huwa Zanzibar au Shelisheli. Novemba 2005, meli Seabourn Spirit iliyokuwa ikija Mombasa iligeuzwa kuelekea Shelisheli baada ya kushambuliwa na maharamia mbali na pwani ya Somalia. Kwingineko sababu zimekuwa za nchi kavu: mgomo mkuu wa Guadeloupe, kisiwa cha Karibi, wa mwaka 2009, uliodumu siku 44, na ghasia za Mei 2024 za Nouméa, mji mkuu wa Kaledonia Mpya katika Pasifiki, zote zilizifanya meli zipite mbali.

Kuhusu fedha, mkataba wa tiketi huipa kampuni ruhusa ya kubadilisha bandari, na kwa kawaida abiria hurudishiwa ada za bandari na malipo ya ziara alizonunua melini. Aliyenunua ziara moja kwa moja kutoka kwako hana mtu wa kumrudishia isipokuwa wewe. Kwa hiyo andikianeni mapema, hata kwa ujumbe wa simu, kwamba meli isipofunga gatini amana yote inarudi. Najua inauma, lakini mgeni aliyerudishiwa fedha zake huwaambia wenzake, na aliyenyimwa huwaambia wengi zaidi. Usilipie mapema kitu ambacho fedha zake hazirudi, na kabla ya kumwamsha dereva alfajiri itazame meli katika programu za simu zinazoonyesha vyombo vilipo baharini.

Kupanga njia

Mji wetu ni kisiwa, na hilo ndilo jambo la kwanza kulikumbuka siku ya vurugu. Gati la meli za kitalii liko ndani ya kisiwa, na njia kuu za kutoka ni tatu: Makupa kuelekea magharibi, daraja la Nyali kaskazini, na feri ya Likoni kusini. Yoyote ikifungwa, aliye upande wa pili amebaki huko. Haller Park na Bombolulu hutegemea daraja la Nyali, ambalo lina soko la Kongowea upande wake wa pili. Shimba Hills hutegemea Likoni, ingawa sasa barabara ya Dongo Kundu humwezesha dereva kuzunguka bila kupanda feri. Tsavo Mashariki hutegemea barabara moja tu ya Nairobi, na magogo yakiwekwa Mariakani hakuna njia ya pembeni inayomfaa mgeni mwenye saa ya kurudi.

Wengi husema siku yenye mashaka wageni wabaki kisiwani, Mji wa Kale na Fort Jesus. Ushauri huo ni mzuri kwa sehemu tu, kwa kuwa ofisi za serikali ziko jirani na hapo na barabara ya Moi, yenye pembe za ndovu, ni mahali pa kawaida pa misafara. Ni bora kwenda Fort Jesus asubuhi mapema, kabla umati haujakusanyika, kisha kurudi kwa njia ya Mama Ngina badala ya kukatiza katikati ya mji. Ukilazimika kuvuka maji, vuka mara moja tu, na uwe umerudi kisiwani saa mbili kabla ya muda wa mwisho wa abiria kupanda.

Kuna kundi moja linalohitaji mpango wa peke yake: wageni waliolala Tsavo. Meli ikiamua kuondoka mapema, hawataiwahi. Lakini uwanja wa ndege wa Moi uko bara, upande wa Changamwe, na gari linalotoka Voi huufikia bila kuingia kisiwani. Kubaliana na wakala tangu mwanzo kwamba ikibidi kundi litapelekwa huko na kurushwa hadi bandari inayofuata, na uhakikishe kila mgeni amebeba pasipoti yake, kwa sababu kwenye meli nyingi pasipoti hukaa kwenye kasha la meli.

Ndani ya gari

Jaza tangi jioni ya siku iliyotangulia. Andika saa ya mwisho ya kupanda kwa tarakimu kubwa kwenye karatasi na uibandike juu ya dashibodi, mahali ambapo dereva na wageni wote wanaiona, na uulize kama ni saa ya meli au saa ya Mombasa, kwa kuwa baadhi ya meli hazibadilishi saa zao kila bandari. Mwombe mgeni mmoja akuonyeshe ratiba ya siku iliyopelekwa chumbani kwake. Mara nyingi jina na simu ya wakala wa bandari vimo humo, na namba hiyo iingie katika simu yako kabla ya kuondoka getini.

Ukikuta umati mbele, usijaribu kupenya. Geuza ukiwa bado mbali. Ukiwa umekwisha kuwafikia vijana wenye matawi mikononi, punguza mwendo, shusha kioo chako peke yako, wasalimie, na uwaeleze kwamba umebeba wageni wanaorudi melini. Wakikwambia urudi, rudi bila ubishi. Wageni wasipige picha wala video. Vitoa machozi vikirushwa, funga vioo vyote na uzuie hewa ya nje isiingie kupitia kipoza hewa.

Ukiona utachelewa, mpigie wakala mara moja, wala usingoje dakika za mwisho. Meli kwa kawaida hungoja mabasi ya ziara zake yenyewe, lakini gari la kujitegemea halina ahadi hiyo. Kadi ya abiria husomwa na mashine kila anapotoka na kuingia, kwa hiyo meli hujua kwa majina ni nani hayupo; simu yako ndiyo humwezesha wakala kueleza wako wapi, na ikiwa ngazi itapandishwa bila wao, kuomba pasipoti zao ziachwe kwake. Wakishaachwa, wapeleke kwa wakala huyo moja kwa moja na ukae nao hadi awapokee.

Jioni, meli ikishaondoka, mwandikie wakala ulichokiona: barabara ipi ilifungwa, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, wageni walirudi saa ngapi, na nani aliwasaidia. Rudisha fedha za ziara zilizokatishwa ndani ya juma hilo, na uhifadhi nakala za ujumbe wote, kwa kuwa swali la kampuni huweza kuja miezi baadaye, pale ratiba ya msimu unaofuata inapopangwa.