Somo: Kompyuta kuukuu, kutoka ofisini kwako hadi darasani visiwani Lamu

Asalaam aleikum wadau. Wengi mmeniuliza namna ya kutoa kompyuta mlizoacha kutumia ziende shule za huku kwetu. Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Amu, yaani mji wa Lamu, na mizigo ya aina hii nimeipokea mara kadhaa. Mmoja sitausahau. Ofisi fulani ya bara ilileta kompyuta 14. Tulizipokea Mokowe, gati ya upande wa bara, tukazivusha kwa boti, hamali wakalipwa, mwalimu mkuu akaita wazazi waje washuhudie. Kufungua katoni: sipiyu (yale maboksi ya mezani) 14, monita 14, waya za pawa tatu. Waya nyingine zilibaki zimechomekwa chini ya meza kule ofisini. Wazazi walikaa, wakanywa soda, wakaondoka.

Kompyuta peke yake haitoshi, kwa hiyo hatua ya kwanza haihusu kompyuta.

Hatua ya 1: Piga simu shuleni

Ongea na mwalimu mkuu, kisha uombe kuongea na yule mwalimu atakayekaa na mashine kila siku. Muulize umeme wao ni wa laini au wa sola. Sipiyu na monita yake hula wati 100 hadi 150, laptopu hula 30 hadi 60. Kumi za mezani zinakaribia wati 1,500, na sola ya shule ndogo haiziwezi. Shule ya namna hiyo wape laptopu tano, usiwape sipiyu ishirini. Uliza pia kama chumba kina grili na kufuli, na kama bati linavuja.

Hatua ya 2: Chambua

Iliyokufa usiitume kwa matumaini kwamba "fundi wa huko ataiona". Fundi wa huko ni mimi, na spea nazingoja kutoka Mombasa.

Kumbukeni Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi zenye prosesa ya Intel iliyo chini ya kizazi cha nane hazikubaliwi na Windows 11. Ndiyo maana maofisi yanazitoa kwa wingi sasa. Hazijafa. Mashine ikiwa na ramu ya GB 4 na ukaibadilishia diski yake ya zamani (hard disk) kwa SSD ndogo, ile diski ya kisasa yenye kasi, itamtumikia mtoto miaka mingine kadhaa. Pesa yako ikitosha kitu kimoja tu, nunua SSD.

Hatua ya 3: Futa data kikwelikweli

Kufomati haraka ni kama kufuta jina la jahazi ubavuni, shehena bado imo ndani. Nimewahi kuwasha mashine "iliyofutwa" nikakuta mishahara ya watu na nakala za vitambulisho. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na ofisi iliyokusanya taarifa za watu ndiyo itakayoulizwa. Kwa hard disk tumia nwipe, ni programu ya bure, unaiwashia kwenye flashi na kuiacha ifanye kazi usiku kucha. Kwa SSD tumia amri ya kujifuta iliyomo ndani ya diski yenyewe. Mara nyingi utaikuta kwenye bayosi, ile menyu ya mashine kabla Windows haijawaka.

Ukiwa hapo hapo kwenye bayosi, ondoa nywila. Laptopu yenye nywila ya bayosi ambayo hakuna anayeikumbuka ni sinia.

Hatua ya 4: Fungua, safisha, jaribu

Puliza vumbi, badilisha betri ya saa (ile ya duara, CR2032), paka grisi mpya ya prosesa. Kisha iache inafanya kazi saa mbili. Nyingi huwaka vizuri dakika kumi, halafu zikazima.

Ukiwa pwani, angalia matundu ya USB kwa tochi. Ukungu wa kijani kwenye pini ni chumvi iliyokwisha kula shaba. Chovya brashi ya meno katika spiriti, sugua taratibu, na ukiona pini imebaki nyembamba kama unywele, tundu hilo lizibe kwa utepe. Kwenye sipiyu moja ya hapa mjini nilikuta mayai mawili ya mjusi kafiri, madogo kama mbaazi, yamenata kando ya feni. Mashine ilikuwa nzima kabisa! Tangu siku hiyo kila tundu la nyuma lisilo na kifuniko nalibandika wavu.

Hatua ya 5: Weka programu zisizohitaji bando

Linux Mint ya Xfce, mfumo unaokaa badala ya Windows, haitaki leseni na haichoshi mashine nzee. Weka LibreOffice ya kuandikia, Kiwix ya kusomea Wikipedia ya Kiswahili bila intaneti, na Kolibri, programu ya masomo. Kolibri ikikaa kwenye mashine ya mwalimu, watoto wanafungua masomo kwenye mashine zao kupitia switchi ya mtandao na nyaya, bila intaneti.

Hatua ya 6: Kufunga na kuvusha

Hapa ndipo watu wa bara wanapopotea. Mzigo ukitoka Nairobi au Mombasa utapita Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, na hapo gari lako limefika mwisho. Kutoka gatini ni boti. Mjini Amu, vichochoroni, ni punda au mkokoteni wa hamali.

Kila mashine ifungwe peke yake: nailoni kwanza, kisha katoni, kisha nailoni tena. Waya ya pawa ifungwe kwa utepe kwenye mashine yake, usizitie zote gunia moja. Monita zisimame wima, kioo kwa kioo, blanketi katikati. Punda akitumika, uzito ulingane pande zote mbili za shogi, ile mifuko ya mgongoni. Sipiyu mbili kulia na mbili kushoto ni mzigo mzuri, tatu kwa moja zitapinduka kwenye ngazi ya kwanza.

Mzigo wa Faza au Kizingitini, kisiwani Pate, unangoja maji yajae ndipo boti ipite Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari, kwa hiyo usimwahidi mwalimu saa. Kusi (upepo wa kusini) likikaza, Juni hadi Agosti, mimi sipeleki. Rashasha hupenya turubai lolote.

Hatua ya 7: Kukabidhi

Namba za mashine ziandikwe kwenye daftari la mali la shule, sahihi mbili, basi. Hotuba si lazima.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, Kizingitini: Fundi, laptopu yetu moja ilirukiwa na maji ya bahari. Tumeiweka kwenye mchele siku tatu. Tuiwashe?

Hapana mwalimu wangu, msiiwashe. Mchele hautoi chumvi, na chumvi ndiyo inayoua. Toeni betri, fungueni, bodi ioshwe kwa maji safi yasiyo na chumvi, kisha spiriti, ikauke kivulini siku mbili kwa feni. Mkiogopa kuifungua, ileteni Amu ilivyo. Mchele pikeni.

Dada wa Malindi: Kaka, sisi tuna tableti 9 za hoteli. Zinafaa?

Zinafaa dada, ila kila moja iondolewe akaunti ya Google au ya Apple kabla haijafutwa. Ukiifuta kwanza itajifunga, itadai nywila ya mtu aliyeacha kazi zamani. Na ukiona mgongo wa tableti umetuna, betri imevimba, hiyo usiitie katoni wala boti.

Mdau, Ujerumani: Sisi Waswahili wa huku tumekusanya laptopu 30. Tutume zote, mbovu na nzima, mchague wenyewe?

Bwana, ahsante kwa moyo, lakini tuma nzima tu, zilizojaribiwa. Tangu tarehe 1 Januari 2025, chini ya Mkataba wa Basel, taka zote za umeme zinahitaji idhini ya nchi inayopokea kabla hazijavuka mpaka, na laptopu iliyokufa ni taka. Ongea na wakala wa forodha Mombasa kabla ya kulipia kontena, umpe orodha ya kila mashine na hali yake. Na piga hesabu: nauli na ushuru vikizidi bei ya laptopu kuukuu Nairobi, tuma pesa.

Mama Shela: Mwanangu, zile zilizokufa nazo tuzichome na taka?

La hasha, mama. Moshi wake una sumu, na monita zile za zamani zenye mgongo zina risasi kwenye kioo. Niwekee. Natoa ramu, feni na skrubu, yanayobaki naunganisha na mzigo wa gari linalorudi Nairobi kwa watu wa kuchakata.

Karani, Mpeketoni: Basi mimi ninazo sita za mgongo hapa stoo. Unazitaka?

Shule haizitaki, kaka. Ila angalia nyuma yake. Waya ya pawa inachomoka? Nitumie hizo waya sita na basi la kesho. Monita zingoje.